Wilchea inapimwa jamani, haigawiwi tu

Mimi ni mtaalamu wa utengamao, kazi yangu kubwa ni kupima watu na kuwarekebishia wilchea, na kitu kinachoniuma kuliko vyote ni mtu kapewa kiti kipya kabisa, watu wamepiga makofi na picha zimepigwa, halafu baada ya miezi michache analetwa ana kidonda kwenye makalio kimefika karibu na mfupa. Kiti chenyewe ndo kimemuumiza.

Wilchea ni kama kiatu, lazima iendane na mwenyewe. Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga zake, ukizidi basi sentimita 3 hivi, maana kikiwa kipana mtu anaegemea upande mmoja siku nzima na uti wa mgongo unaanza kupinda. Na watoto ndo wanaonewa sana hapa, ananunuliwa kiti kikubwa eti atakua nacho, sasa mikono haifiki vizuri kwenye matairi na mwili unaelea huko ndani, atakuaje amenyooka? Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili. Pa kukanyagia miguu pakiwa juu sana magoti yanapanda, uzito wote unahamia makalioni, pakiwa chini sana anateleza mbele.

Kwa nini nakazania makalio? Ukikaa, uzito mwingi unabebwa na mifupa miwili midogo iliyopo chini ya makalio, ile nyama iliyo kati ya mfupa na kiti inabanwa na damu haipiti. Wewe na mimi tunajigeuza bila hata kujua, lakini mtu aliyeumia uti wa mgongo na hana hisia sehemu za chini hapati ile taarifa ya maumivu, anakaa tu masaa na nyama inaanza kufa, mara nyingi huko ndani karibu na mfupa kabla ngozi haijaonyesha kitu. Hivyo ndo vidonda vya mgandamizo, na vikiingia maambukizi vinaua, sitishi mtu.

Kwa hiyo mto wa kukalia ni sehemu ya wilchea, sio pambo. Kuna namna rahisi ya kuupima: mwenyewe akiwa amekaa, baada ya kumuomba ruhusa, ingiza vidole kati ya mto na ule mfupa wa kalio, kiganja kiangalie juu. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole juu chini kidogo, kama milimita 5, hapo pako salama. Vidole havichezi ila vinatoka kirahisi, hilo ni onyo. Vimebanwa hata kuvitoa ni kazi, huo mto haumfai, tafuta mwingine, usisubiri. Sponji nayo inachoka, mto uliokuwa mzuri mwaka jana leo unaweza kuwa kama ubao.

Halafu kupunguza mgandamizo kila baada ya dakika 15 hadi 30, ainame mbele kifua kielekee magotini au aegemee upande huu kisha ule, akae hivyo kwa muda, sio sekunde mbili. Wengi wamefundishwa kujiinua kwa mikono, lakini wachache wanaweza kukaa juu muda wa kutosha na mabega yanaumia bure wakati ndo hayo hayo ya kuendeshea kiti. Jioni ngozi ikaguliwe, kioo kinasaidia. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu, angalia sehemu iliyogeuka kuwa nyeusi zaidi, gusa kama ina joto au imekuwa ngumu tofauti na pembeni yake.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2008 una hatua 8 za kutoa wilchea, ndani yake kuna kumpima mtu, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha, na kumfuatilia baadaye. Wafadhili wengi wanaishia kukabidhi kiti tu.

Rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitishia kiti badala ya ngazi, nitagusa kidogo. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani ngazi yenye kimo cha sentimita 15 inataka rampu yenye urefu wa sentimita 180. Zile fupi zilizomwagwa zege juu ya ngazi mtu hapandi mwenyewe hata awe na nguvu vipi.

Na wewe unayesukuma, uliza kwanza, mwambie kabla hujaanza kusukuma, na mteremko mkali mshushe kinyumenyume maana ukimshusha uso mbele anaweza kuchomoka. Upepo wa matairi angalieni kila wiki, kwa sababu wilchea nyingi breki inabana tairi lenyewe, upepo ukipungua unafunga breki ukidhani imeshika kumbe haijashika, na mtu anapohamia kitandani kiti kinarudi nyuma anaanguka.