Ndugu yenu ameumia uti wa mgongo: mgeuzeni

Maswali haya nayasikia kliniki kila wiki kutoka kwa ndugu wa majeruhi. Wengi wa majeruhi wenyewe ni vijana: wameanguka na bodaboda, wameteleza juu ya mwembe, wameangukiwa na kifusi machimboni. Wanaruhusiwa wodini ngozi ikiwa nzima. Wanarudi na shimo juu ya makalio.

Kaka yetu hasikii miguu. Ameumia nini hasa?

Ndani ya pingili za mgongo kuna uti unaopeleka taarifa kati ya ubongo na mwili. Ukikatika au ukibanwa, sehemu zilizo chini ya jeraha hupoteza nguvu na hisia, na mara nyingi majeruhi hawezi kuzuia haja. Hilo la hisia lishikeni.

Atatembea tena?

Inategemea uti umeumia kiasi gani. Wanaobakiwa na hisia au nguvu kidogo chini ya jeraha wana matumaini zaidi, na mabadiliko makubwa huonekana ndani ya mwaka wa kwanza. Anayewaahidi kwa hakika kwamba atasimama, kisha anataka hela, mwogopeni.

Amelala vizuri, haumwi popote. Kwa nini tumsumbue kumgeuza?

Kwa sababu haumwi! Wewe ukilala ubavu mmoja mwili hulalamika, ukajigeuza usingizini bila kujua. Wa kwake haulalamiki. Uzito wake unabana ngozi dhidi ya mfupa, damu haipiti, nyama inaanza kufa. Saa chache zinatosha. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Mnyanyueni, msimburute, maana shuka linachuna ngozi. Akiwa kwenye kiti mwendo, kila nusu saa au chini ya hapo ajiinue kwa mikono au aegemezwe pembeni, makalio yapumue.

Hata usiku?

Hata usiku. Wekeni alamu ya simu.

Tumemnunulia godoro zuri.

Vizuri, na bado mgeuzeni. Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani, alivunjika shingo mwaka 1995 alipoanguka kutoka kwenye farasi. Alikuwa na wauguzi na vifaa ambavyo sisi tunavisikia tu. Alipofariki mwaka 2004 alikuwa akitibiwa kidonda cha mgandamizo, yaani kidonda hikihiki cha kulalia, kilichoingiwa na maambukizi. Nanyi mnaniambia godoro!

Na ile kata ya khanga mnayomwekea chini ya makalio, itoeni. Inabana mzunguko wa damu pembeni na kuongeza madhara. Visigino viningʼinie kwa kuweka mto chini ya mashavu ya miguu.

Tutajuaje kidonda kinaanza?

Asubuhi na jioni mkimwogesha, washeni tochi ya simu mkague juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu na viwiko. Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu. Tafuteni baka jeusi zaidi kuliko ngozi inayolizunguka, lenye joto au ugumu usio wa kawaida. Mkiliona, asililalie tena mpaka liishe. Msilisugue wala kulichua.

Shangazi anasema tumkande miguu kwa maji ya moto irudishe hisia.

Hapana. Mguu usiosikia hausemi "inaunguza". Nimeona malengelenge ya kisigino kizima kwa sababu ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo. Mazoezi ya viungo mliyofundishwa hospitali yanatosha, kila siku.

Kidonda kimeshatoka, tunaweka unga wa kapsuli.

Acheni. Unga wa kapsuli, sukari ya jikoni, majivu, dawa ya meno: vyote acheni. Safisheni kwa maji ya chumvi kama mlivyoelekezwa, funikeni kwa shashi safi, mleteni. Na kidonda hakiponi mgonjwa akiwa amekilalia, hata kipakwe nini. Mlisheni mayai, maharage na dagaa visaidie ngozi kujijenga.

Nani amgeuze? Sote tuna kazi.

Hapa ndipo ninapokasirika kimyakimya. Karibu kila mara kazi yote anaachiwa dada mmoja, wakati kaka wanne wanapiga simu kuuliza "anaendeleaje?" Mgonjwa ni mtu mzima, anaona haya kuvuliwa nguo na dada yake, kwa hiyo anasema "niache tu", naye dada anamwacha. Kaka zake, njooni mshike zamu. Andikeni karatasi ya saa na majina mkaibandike ukutani. Na mwulizeni mwenyewe anataka kuogeshwa na nani; aliumia mgongo, akili anazo.

Ana kidonda kidogo na kliniki ni wiki ijayo. Tusubiri?

Msisubiri. Ngozi ikichubuka tu, mleteni. Shimo dogo juu linaweza kuwa pango chini. Kikinuka, kikiwa cheusi, kikitoa usaha, au akipata homa, mleteni leo hii hata kama ni Jumapili. Na aliyeumia shingo au kifua sehemu ya juu akiumwa kichwa ghafla huku anatoka jasho usoni, mketisheni, legezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, kisha mkimbizeni hospitali. Njiani pia asilalie kidonda.