Mandacaru si yuforbia

Juzi tena nimeona picha ya yuforbia, ile miti mirefu tunayoipita kando ya barabara, na chini yake mtu ameandika: "Mandacaru, kaktasi inayochanua usiku." Hii si mara ya kwanza.

Mandacaru ni kaktasi ya kaskazini mashariki mwa Brazili, katika nyika kame iitwayo Caatinga. Hurefuka kama mti. Ua lake jeupe, refu kupita kiganja, hufunguka giza likiingia, nondo wakubwa wakalijia, na kufika asubuhi limeshanywea. Basi, maana yenyewe ni hiyo. Kinachotuchanganya ni majina.

Kwa wataalamu ni Cereus jamacaru. Cereus ni Kilatini, mshumaa wa nta, kwa jinsi mashina yanavyosimama wima. Jamacaru na mandacaru ni neno lilelile moja, la Kitupi, lugha iliyosemwa Brazili kabla Wareno hawajafika. Nalipenda jina hili kwa sababu wenyeji hawakufutwa ndani yake. Sasa yuforbia yetu nayo huitwa Euphorbia candelabrum, na candelabrum ni kinara cha mishumaa. Huku mshumaa, huku kinara! Waliotoa majina hayo walitazama umbo, nasi tunatazama umbo lilelile, tunadhani ni mti mmoja.

Lakini hebu sogea karibu. Kwenye mandacaru, miiba huchipuka kwa kifungu kutoka kwenye kitone chenye manyoya kama sufu. Kaktasi zote zina vitone hivyo. Kwenye yuforbia miiba hukaa miwili miwili ukingoni mwa shina, na sufu huioni. Ukiikwaruza ngozi ya yuforbia kidogo tu, maziwa meupe yanatiririka, na yakiingia jichoni yanaweza kukupofusha. Mandacaru haina maziwa. Ukame ukizidi, wafugaji wa Caatinga huichoma miiba yake, wakaikatakata na kuwalisha ng'ombe. Ndiyo maana nalishikilia jambo hili: asije mfugaji wa kwetu akasoma habari hiyo, akachukua panga na kuifuata yuforbia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ule wa kando ya barabara ni jamaa wa mnyaa. Ukitaka ndugu wa mandacaru aliye jirani nawe, mtazame mpungate. Huo ni kaktasi kweli, nao asili yake ni bara la Amerika.