Acheni kujumlisha wastani na kugawa kwa mbili

Juzi tena nimeletewa hesabu ya besiboli: mpigaji alipata 0.250 msimu mmoja, 0.350 uliofuata, "kwa hiyo wastani wake ni 0.300". Si lazima! Kwanza niambie alipiga mara ngapi kila msimu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: hiti (mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji salama besini, yaani kwenye kituo cha kukimbilia) gawanya kwa zamu rasmi za kupiga. Besi za bure (anazopewa mpigaji mrushaji akirusha vibaya mara nne), kugongwa na mpira na bunti ya kujitolea (kuugusa mpira kidogo ili mwenzako asonge, wewe utolewe) hazihesabiwi kama zamu rasmi. Hayo mnayajua, tuendelee.

Shika kalamu. Mwaka 1995 Derek Jeter wa timu ya Yankees ndiyo kwanza alikuwa anaingia ligi kuu: hiti 12 katika zamu 48, yaani 0.250. David Justice wa Atlanta alipata 104 katika 411, yaani 0.253. Justice mbele. Mwaka 1996 Jeter akapiga 183 katika 582, 0.314, Justice, aliyeumia bega mapema, 45 katika 140, 0.321. Justice mbele tena.

Kwa hesabu yenu ya kivivu, Justice ana 0.287 na Jeter 0.282. Sasa jumlisha hiti zote, jumlisha zamu zote, ndipo ugawe. Jeter: 195 kwa 630, 0.310. Justice: 149 kwa 551, 0.270. Aliyeshindwa miaka yote miwili ameshinda, tena kwa mbali! Hakuna uchawi hapo. Mmezipa zamu 48 uzito uleule wa zamu 582. Ni sawa na kumimina kikombe cha chai isiyo na sukari kwenye sufuria zima la chai tamu, halafu mtu akuambie sukari imepungua nusu.

Hata hizo hiti zenyewe, msiziapie. Mpira wa chini ukimponyoka mlinzi, ni hiti au ni kosa lake? Anayeamua ni mtu aliyekaa na kalamu, na watu wawili makini wanaweza kuandika tofauti.

Na OPS mnayoipenda, namba moja ya kumpima mpigaji kwa jumla, inanitia aibu kidogo. Tunachukua kiwango cha kufika besini, ambacho kigawanyo chake kinahesabu na besi za bure, tunakijumlisha na kiwango cha nguvu (besi alizopata kwa hiti zake), kinachogawanywa kwa zamu rasmi tu. Vigawanyo viwili tofauti! Kihisabati siwezi kuitetea. Lakini timu zenye OPS kubwa kwa kawaida ndizo zinazopata mikimbio mingi, yaani pointi, basi naendelea kuiandika huku nimenuna.

Ukinitumia wastani, weka na idadi ya zamu. Bila hiyo sijibu.