Mafua, na lile jambo la mlangoni

Msimu wa mafua ukianza, tukio hili hujirudia kila wiki. Mgonjwa anaeleza kikohozi, anapewa ushauri, anaaga. Mkono ukiwa umeshashika kitasa, anageuka: "Halafu daktari, kuna jambo jingine..." Hilo jingine ndilo lililomtoa nyumbani. Maswali yafuatayo ni ya watu wa namna hiyo.

Nina mafua ya kawaida au homa ya mafua yenyewe?

Mafua ya kawaida huja yakinyata: koo linawasha, pua zinachuruzika, lakini shughuli zako unaendelea nazo. Homa ya mafua hukuangusha. Asubuhi ulikuwa mzima, jioni kuinua kichwa ni kazi, na mwili mzima unauma kama umepigwa. Huanza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na wewe huanza kuwaambukiza wenzako siku moja kabla hujajihisi mgonjwa.

Mbona sikuandikiwa antibiotiki?

Kwa sababu haziui virusi. Pumzika, kunywa maji ya kutosha, tumia parasetamoli, ila hesabu: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Dawa nyingi za mafua za unga zina parasetamoli ndani, na hapo ndipo watu hujizidishia bila kujua. Aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini.

Mjamzito, mwenye miaka 65 na zaidi, mwenye pumu, kisukari au kinga dhaifu asisubiri aone hali itakavyokuwa. Dawa za virusi kama oseltamivir hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Na yeyote anayehema kwa shida, anayebanwa kifua au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja.

Wiki tatu zilizopita nilifanya ngono bila kondomu. Sasa nina homa na koo linauma. Ni mafua tu?

Huenda ndiyo. Lakini umefanya vizuri kuitaja hiyo tarehe, maana bila yake hata daktari hodari angekuandikia dawa ya koo akuage.

VVU vikiingia mwilini, wengi hupata homa, uchovu, maumivu ya koo, tezi kuvimba na pengine vipele kifuani, kwa kawaida wiki 2 hadi 4 baadaye. Kisha dalili hupotea zenyewe, na mtu husema "mafua yameisha." Chafya na kamasi si kawaida yake, ila usijipime kwa kamasi: wapo wasioona dalili yoyote. Kinachojibu ni kipimo tu.

Kipimo nacho kina siku zake. Damu ya mshipani ikipimwa maabara hugundua karibu maambukizi yote kufikia siku ya 45. Vipimo vya haraka vya kidole, na vile vya kujipima mwenyewe, huenda vikahitaji hadi siku 90. Kwa hiyo jibu la "huna" ukilipata mapema mno, rudia. Katikati hapo tumia kondomu bila kukosa, kwani kama umeambukizwa, hizi za mwanzo ndizo wiki ambazo virusi ni vingi sana kwenye damu.

Kama tukio ni la jana au juzi, usikae kusubiri dalili. Kuna dawa za kuzuia maambukizi, PEP, zinazoanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa siku 28. Hiyo ni safari ya leo, hata kama ni usiku.

Mafua yananitapisha. Vidonge vya majira bado vinanilinda?

Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, meza kingine. Kutapika au kuharisha sana kukipita saa 24, hesabu kama uliruka vidonge: fuata maelezo ya pakiti na uongeze kondomu. Kidonge cha dharura nacho hurudiwa kikitapikwa ndani ya saa 3. Antibiotiki za kawaida hazivurugi vidonge vya majira, ingawa uvumi huo haufi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ndiyo huvivuruga.

Nilifanya ngono bila kondomu, ila sina usaha wala maumivu. Nipime nini sasa?

Kwanza klamidia, ugonjwa wa zinaa. Wengi wenye nayo hawahisi kitu, huku kwa wanawake ikiweza kuharibu mirija ya uzazi kimyakimya. Hutoa mkojo, au mwanamke hujichukulia mwenyewe sampuli kwa kijiti cha pamba nyuma ya pazia. Kisonono, kaswende na VVU huweza kupimwa siku hiyohiyo. Ukitibiwa, mwenzi wako atibiwe pia. La sivyo mtarudishiana.

Chanjo ya mafua si ndiyo inayoleta mafua?

Hapana. Sindano haina virusi hai. Mkono utauma, pengine homa kidogo ya siku moja au mbili. Kinga huhitaji kama wiki 2 kujengeka, na huchanjwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika. Mjamzito huchanjwa mimba ikiwa na umri wowote. Anayeishi na VVU achome sindano, si ile ya kupuliza puani, ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Nitaanzaje kumwambia daktari?

Mapokezi, sema tu "ni jambo la faragha." Ukiona ulimi mzito, andika kwenye kikaratasi: tarehe, kondomu ilikuwepo au haikuwepo, dalili gani. Mpe ukishaketi tu, kabla hujaanza kukohoa.