Mbona askari yule hakuruka?

Jamani, wengi mkienda visiwa vya Mbudya au Bongoyo hapo Dar es Salaam jumapili askari wa hifadhi mnamuona kama mtu wa kuwakagulia risiti tu, basi. Visiwa vile ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na yeye kazi yake ni doria, kuwafukuzia wavuvi wanaopiga baruti kwenye matumbawe, na mtu akizidiwa na maji ndo huyohuyo anayemfuata.

Kuna siku nilikuwa na askari mmoja wa hifadhi na nahodha kwenye boti, msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, mchana bahari imeshachafuka, kijana mmoja kaogelea toka Mbudya akabebwa na mkondo. Watu ufukweni wanapiga kelele "ruka basi!", mwingine anatukana kabisa eti askari muoga. Hakuruka. Alimwambia nahodha aikabilishe boti na upepo wasije wakamlalia, akachukua dumu tupu la lita 20 lenye kamba akalirusha mbele ya kijana akawa analivuta taratibu mpaka likamgusa mkono, akalikumbatia hilo! Mashine ikazimwa, maana propela haina huruma na mguu wa mtu. Kijana kaishiwa nguvu hata kupanda hawezi, hapo sasa ndo askari akaingia, laifu jaketi kaifunga mpaka mkanda wa mwisho, akamwendea kwa nyuma akamshika kwapani. Wimbi likambamiza ubavuni mwa boti, bega likachunika, hakumwachia.

Mimi ushujaa naouona pale ni zile dakika za kutukanwa. Mtu anayezama hajui ndugu wala rafiki, anapanda juu ya chochote kilicho karibu, ukimfuata kwa mbele mikono mitupu anakupanda wewe, ndo maana misiba mingine ya Coco Beach inakuwa miwili kwa mpigo.

Halafu msisubiri kelele. Anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele, hewa ya kupigia kelele anaitoa wapi, utaona tu kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia unatoka majini, mikono inakandamiza maji kama anapanda ngazi. Ukibebwa na mkondo wewe mwenyewe usishindane nao kurudi ulikotoka, elea kwanza, halafu ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie.

Akishatolewa, ile ya kumning'iniza kichwa chini eti maji yatoke acheni kabisa, inapoteza muda na anaweza kupaliwa matapishi. Kama hapumui mlaze chali, mpulizie pumzi mdomoni, mkandamize kifua katikati mara 30 kwa nguvu, pumzi 2, rudia hivyohivyo, mwingine apige 114 Zimamoto na Uokoaji.

Na wenye boti, hilo dumu likae na kamba yake muda wote, mfuniko umekazwa. Nimeshaona mtu anarusha dumu halina mfuniko, likajaa maji likazama kabla ya mwenyewe.