Je, wajua kwa nini kichupa kitupu cha pethidini hurudishwa famasi?

Ukilazwa wodi ya upasuaji, iwe Mwanza au kwingineko, mwangalie muuguzi akishakuchoma sindano ya maumivu. Bomba la sindano analitupa kwenye boksi lake. Kile kichupa cha kioo alichokivunja shingo, kifupi kuliko kidole, hakitupi. Anakiweka kando, na baadaye kinapelekwa famasi pamoja na vitupu wenzake vikahesabiwe, ndipo wodi ipewe vingine.

Humo mlikuwa na pethidini, mofini au fentanili. Dawa hizi hutuliza maumivu makali ya mshono au ya saratani, lakini hizo hizo hulevya, na zikizidi hupunguza pumzi hadi ikakatika. Hazikai rafu moja na panadoli. Zina kabati lao lenye kufuli mbili, ambalo wauguzi wengi huliita kabati la DDA, kifupi kilichobaki kutoka jina la Kiingereza la sheria ya zamani ya dawa za hatari. Ufunguo hautundikwi ukutani, unakaa mfukoni mwa muuguzi wa zamu.

Kazi hasa iko kwenye kichupa kisichokwisha. Tuseme kina miligramu 100 ndani ya mililita 2, na daktari ameandika 75. Muuguzi anavuta mililita moja na nusu. Zimebaki miligramu 25, na hizo ndizo mwizi angezipenda, maana kwa hesabu ya juu juu kichupa kimeshatumika. Basi anaitwa mwenzake. Anasimama pale pale, anaona mabaki yakimwagwa, kisha wote wawili wanasaini daftarini: tarehe, saa, jina la mgonjwa na namba ya faili, kilichochomwa, kilichomwagwa, salio. Ukikosea kuandika, hufuti wala hupaki wino mweupe. Unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unasaini pembeni. Zamu ikibadilika, anayetoka na anayeingia wanafungua kabati pamoja na kuhesabu. Kikipungua kimoja, siku hiyo mtachelewa kurudi nyumbani.

Wengi wanajua hesabu hii ni ya kuzuia wizi. Sawa, lakini kwangu sababu nzito zaidi iko mbali, Vienna, nchini Austria. Kwa Mkataba wa Dawa za Kulevya wa 1961, kila nchi huipelekea Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, yenye makao huko Vienna, makadirio ya kiasi itakachohitaji mwaka unaofuata. Hata baada ya hapo, kila shehena lazima iwe na kibali cha nchi inayouza na cha nchi inayonunua. Mofini haiagizwi kama sabuni. Na makadirio yenyewe hayana pa kuanzia pazuri kuliko matumizi halisi ya wodini. Daftari likiwa na mapengo, matumizi yanaonekana madogo, nchi inaomba kidogo, na mwakani anayeumia ni mgonjwa aliyelala hospitali ya Bugando, Mwanza, akisubiri dozi. Ajabu ni kwamba utangulizi wa mkataba huo huo unasema dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu, na kwamba zipatikane za kutosha. Wanaoutaja kwa makatazo peke yake wameusoma nusu.

Kwa wagonjwa wa saratani wanaouguzwa nyumbani kuna mofini ya maji, ya kunywa kila baada ya saa nne. Hii ndiyo inayosafiri: inashuka kilima cha Bugando, inapanda meli ya Nansio, inavuka ziwa hadi kisiwa cha Ukerewe ndani ya kikapu cha mtu. Huko hakuna kufuli mbili wala shahidi wa kusaini. Kilichopo ni maelekezo ya mfamasia, kijiko au bomba la kupimia, na chupa yenyewe, ambayo ndugu huambiwa arudi nayo.

“Mama, ile chupa ya kwanza umekuja nayo?”

“Ipo, mwanangu. Nimeifunga kwenye kanga.”

Anaifungua, mfamasia anaiinua kwenye mwanga wa dirisha kuona kilichobaki, halafu anavuta daftari.