Kompresa Haiwaki? Acha Gesi Kwanza

"Fundi, friji limekufa, njoo na gesi." Nimeusikia wito huu hadi umenichosha, na leo nauandikia.

Gesi ya friji la nyumbani haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Inasukumwa na kompresa, yaani pampu yenye mota, izunguke ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna tundu. Na hata ikivuja yote, kompresa itawaka tu, tena bila kupumzika, kwa kuwa thamostati, swichi inayopima baridi, inasubiri baridi isiyokuja. Vyumba vya baridi na AC kubwa vina swichi ya presha inayozuia kompresa isiwake gesi ikishuka, hilo nakubali. Friji lako la kawaida halina. Fundi akikata bomba ili ajaze gesi kompresa ikiwa kimya, mzuie: anaingiza unyevu kwenye mfumo mzima, na kama gesi ni ya aina ya R600a, inashika moto.

Soketi, waya na thamostati angalia haraka. Volti zipime wakati kompresa inajaribu kuwaka, si kabla. Soketi inayosoma 230 ikashuka hadi 170 mota ikijaribu kuvuta, tatizo ni umeme wako.

Kisha sikiliza. Tik, mngurumo wa sekunde chache, tik tena, kimya. Hiyo ni ovalodi, swichi ya kinga, inaiokoa mota isiungue. Hapa ndipo watu wanauziwa kompresa wasiyoihitaji! Kwenye mafriji mengi, pembeni ya kompresa kuna rilei ya PTC, swichi ya kuwashia mota, yenye kidonge cha kauri. Kikiwa cha baridi kinapitisha umeme kwenda koili ya kuwashia. Kikipata moto kinauzuia. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kidonge bado kina moto na presha kwenye mabomba haijalingana, kwa hiyo hata kompresa isiyo na ubovu inagoma. Zima, subiri dakika 5 hadi 10, washa. Ikigoma tena, chomoa plagi, toa rilei, itikise. Ikigongagonga ndani, kauri imepasuka. Isipogonga, usiseme ni nzima; jaribu nyingine.

Halafu pima kwa mita ukinzani (omu) kwenye pini tatu za kompresa, plagi ikiwa nje: S ni ya koili ya kuwashia, R ya koili ya kuendeshea, C ya pamoja. S kwa R iwe jumla ya C kwa S na C kwa R: 20 na 12 zilete 32. Pini yoyote kwa bodi la chuma la kompresa isisome kitu. Kompresa za inveta, zinazobadilisha kasi, pini zote husoma sawa, na ukizipa umeme wa ukutani moja kwa moja utaziunguza.

Sasa, koili zinasoma vizuri, rilei ni mpya, volti zipo, na bado inanguruma na kukata. Mafundi tunasema imekwama ndani. Ukweli ni kwamba tunakisia. Kompresa imechomelewa pande zote, na mita haioni kwa uhakika nyaya chache za koili zilizogusana. Mteja wangu namwambia hivyo kabla hajatoa hela ya kompresa mpya.